Mama Mkunga Anajibu: “Nikifika leba sijanyoa, watanifukuza?”

Barua za mwezi huu zimegusa jambo ambalo watu huliandika kwa kulizunguka: “kule chini”, “sehemu zile”, “usafi wa kike”. Mimi nimefanya kazi leba miaka 31, na maneno haya siyaonei haya. Nywele za kinenani ni mavuzi, neno limo kwenye kamusi. Za kwapani ni za kwapani. Vile vinywele laini vya mikononi na miguuni ni malaika, na aliyevipa jina hilo hakuwa anavitukana. Tukiyataja yalivyo tutasikilizana.

*Shikamoo Mama Mkunga. Nina ujauzito wa wiki 36, wa kwanza. Tumbo limekuwa kubwa, siku hizi chini sijioni. Shoga yangu kaniambia nikienda kujifungua sijanyoa masista watanisema mbele za watu. Yeye alirudishwa bafuni na uchungu wake akanyoe kwanza. Mume wangu ni dereva wa malori, yuko safari. Mama mkwe amejitolea kuninyoa lakini naona aibu. Juzi nimejaribu mwenyewe kwa wembe na kioo, nikajikata, mpaka leo panawasha. Nifanyeje? — Mimba ya Kwanza, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Wembe uweke mbali, na mama mkwe mwambie ahsante, haitahitajika.

Huhitaji kunyoa ili uzae. Mtoto anapita vizuri mavuzi yakiwepo, na nesi anaona kila anachopaswa kuona. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2015, kwenye mwongozo wake wa kuzuia maambukizi kwa wazazi, kwamba kuwanyoa wanawake kama utaratibu kabla ya kujifungua kwa njia ya kawaida hakupendekezwi. Mwaka 2018 likarudia maneno hayo hayo kwenye mwongozo wa huduma wakati wa uchungu. Kwa hiyo ukiwa umelala pale kitandani na nywele zako, wewe ndiye uliye kwenye utaratibu.

Lakini sitaki kukujibu kama mtu aliyeyajua haya siku zote. Yule sista aliyemrudisha shoga yako bafuni ningeweza kuwa mimi.

Nilipofundishwa kazi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mama akipokelewa leba alifanyiwa mambo matatu: ananyolewa, anawekewa maji ya sabuni kwa nyuma atoe choo, anaogeshwa. Tuliambiwa vijidudu vinajificha kwenye mavuzi, mtoto atavipata, mama atapata homa ya uzazi. Nilivyoambiwa ndivyo nilivyofanya. Wembe ulikuwa ule wa kuwili, tunaukata katikati ili wodi itoshe.

Kumbe wembe unapopita kwenye ngozi hauchukui nywele tu. Unakwangua na ngozi ya juu, unaacha mikato midogo ambayo macho hayaioni, na mlango wa vijidudu ni hiyo mikato. Tulikuwa tunaufungua mlango tukidhani tunaufunga. Kilichoniuma zaidi nilipokuja kusoma ni kwamba jambo hili lilikuwa limeshapimwa zamani. Mwaka 1922 madaktari wawili wa Marekani waliwanyoa baadhi ya wazazi na wengine hawakuwanyoa, kisha wakafuatilia homa. Kunyoa hakukuwa na faida. Mwaka 1922! Mimi nashika wembe, jibu lina umri wa miaka sitini.

Mwaka 1987 alikuja mama mmoja kutoka milimani, uchungu umeshika, ameteremka kwa miguu mpaka barabarani kisha akapanda lori la kabichi. Nilipomfunua nikamwuliza kwa sauti, wenzake wakisikia, “Umekujaje hivi?” Nikampa nusu ya wembe. Akaenda nyuma ya bafu, akachuchumaa huku uchungu unamjia, akafanya alivyoweza. Aliporudi damu ilikuwa inamtiririka mguuni, na haikuwa ya uzazi. Mtoto alitoka salama baada ya muda mfupi. Mama yule siku mbili kila akienda haja ndogo alikuwa analia, mkono mdomoni ili asisikike. Sikumwomba radhi, wala sikuona kwamba kuna cha kuombea radhi.

Baada ya miaka kama mitatu dada yake alikuja kliniki, nikamwuliza habari za yule. Akaniambia amejifungua mwingine nyumbani, kwa sababu alisema pale hospitali hapamfai mtu kama yeye. Mungu alimnusuru. Lakini mimi nimeona wanaoletwa kutoka nyumbani wakiwa wamelowa damu, najua alichokuwa anakikabili, na najua ni nani aliyempeleka huko. Wala sikumpeleka kwa wembe peke yake. Nilimpeleka kwa ile “umekujaje hivi”.

Basi tufanye hivi. Huo mkato usafishe kwa maji na sabuni isiyo na manukato, ukaushe, vaa chupi ya pamba isiyobana, na usiku lala bila chupi. Usitie spiriti, ndimu, jivu wala dawa ya meno. Ukiona pamevimba, panatoa usaha, mtoki umetokea kwenye nyonga au mwili una joto, nenda kituo siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Kama urefu wa nywele unakukera kwa jasho na majimaji ya siku hizi, mkasi mdogo unatosha kupunguza, na wa kupunguza awe mtu usiyemwonea haya, hata akiwa shoga yako huyo. Kama hayupo, acha. Kuoga kunatosha.

Siku ya kliniki mwulize sista mapema, mkiwa wawili: “Hapa mnataka mtu awe amenyoa?” Akisema ndiyo, mwambie umesoma haitakiwi, na mwombe akuandikie kwenye kadi kwamba mmeongea. Siku ya uchungu hutakuwa na nguvu za kujieleza. Ikitokea unahitaji upasuaji, nywele zitakazokuwa njiani hupunguzwa huko huko hospitali kwa mashine ya kukatia, karibu na muda wa kuingia. Mwongozo wa 2016 wa Shirika la Afya Duniani kuhusu vidonda vya upasuaji umekataza wembe kabisa, iwe nyumbani au chumba cha upasuaji. Na kama itabidi kushonwa, sista atapunguza pale penye mshono tu.

Ukishajifungua na kupona, ukapenda kunyoa yote, nyoa. Ukapenda kuyaacha, yaache. Ninachokuomba ni kwamba hofu ya kusemwa isikucheleweshe kutoka nyumbani uchungu ukianza.

*Mama, nina miaka 26, nauza duka la nguo Kahama. Nina ndevu. Si vinywele, ni ndevu za kidevuni na chini ya taya, nyeusi, ngumu. Huu mwaka wa tano naamka saa kumi na moja alfajiri kabla ya mdogo wangu ninayelala naye chumba kimoja, najinyoa kwa tochi ya simu. Bibi anasema mwanamke mwenye ndevu ana bahati ya mali. Mama anasema ni makosa yangu, nisingenyoa ile siku ya kwanza zisingekuwa ngumu. Hedhi huniruka miezi miwili, mitatu. Mchumba wangu hajui lolote. — Kidevu, Kahama*

Mwanangu, nimekuona na hiyo tochi yako alfajiri, na miaka mitano ni mingi.

Kwanza mama asikulaumu tena. Kunyoa hakuongezi unene wa nywele wala idadi yake. Mwaka 1928 mwanasayansi wa Marekani, Mildred Trotter, aliwafuatilia wanaume wakinyoa, akapima nywele zao, akaona wembe haujabadilisha kitu. Unywele ambao haujawahi kukatwa una ncha iliyochongoka, ndiyo maana ni laini. Ukiukata ncha inakuwa butu, ukiupapasa unachoma. Ni ule ule, umepoteza ncha tu. Ndevu zako zingekuwa nyeusi na nene hata usingezigusa, kwa sababu amri inatoka ndani ya mwili.

Na hapo ndipo ninapotaka ukae kitako unisikilize. Ndevu peke yake ningekuambia ni maumbile, amua unavyotaka. Ndevu pamoja na hedhi inayoruka miezi mitatu zinahitaji daktari. Kuna hali inayoitwa kwa kifupi PCOS, ambayo huwapata wanawake wengi sana, karibu mmoja katika kila kumi walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi wao hawajawahi kuambiwa. Ovari hutoa homoni za kiume kuliko kawaida, yai halipevuki kila mwezi, hedhi inapotea, chunusi na ndevu zinakuja, na mwili unaanza kushindwa kuitumia vizuri insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu. Ukiiacha, kisukari kinaweza kuingia taratibu, na ukuta wa mfuko wa uzazi unaokaa miezi bila kutoka unaweza kuleta madhara makubwa baadaye. Ndiyo sababu nakusukuma.

Anza hospitali ya hapo Kahama. Mwambie daktari mambo mawili pamoja, hedhi na ndevu, na siku ya kwenda usinyoe. Najua ninachokuomba. Vaa mtandio, lakini usinyoe, aone mwenyewe. Atataka vipimo vya damu, sukari, na ultrasaundi. Wakiona haja ya bingwa wa wanawake watakupa rufaa hospitali ya Bugando, Mwanza, na kwa mambo ya ngozi na nywele kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992. Daktari atakuuliza pia unapaka nini usoni. Mjibu ukweli. Mikorogo mingi ina steroidi ndani yake, na steroidi ikipakwa usoni muda mrefu huotesha nywele. Wapo niliowaona wakihangaika na ndevu ambazo kopo la krimu ndilo lililozileta.

Na kama ndevu zingekuja ghafla, ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito na utosi ukaanza kupara, nisingekuambia “anza taratibu”. Huyo anaenda hospitali wiki hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kuwa uvimbe unaotoa homoni.

Dawa zipo. Mara nyingi huanza na vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo hurudisha mpangilio wa hedhi na kupunguza nguvu ya ndevu. Usitegemee muujiza, kidevu huchukua kama miezi sita kuonyesha tofauti. Ilitengenezwa pia krimu ya eflonithini, inayopunguza kasi ya ndevu za wanawake, na habari yake lazima niwasimulie wasomaji kwa sababu inaniumiza. Eflonithini ilikuwa dawa ya malale, ule ugonjwa wa mbung’o, aina iliyokuwa ikiua watu Kongo na kaskazini-magharibi ya Uganda. Wagonjwa waliokuwa wamepoteza fahamu waliamka kwa dawa ile. Katikati ya miaka ya tisini kiwanda kikaacha kuitengeneza, wagonjwa wa malale hawana pesa. Mwaka 2000 Marekani ikaidhinisha krimu yake kwa ndevu za wanawake, soko likaonekana, na mwaka uliofuata, baada ya Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani kupiga kelele, kiwanda kikakubali kuitoa tena kwa wagonjwa wa malale bila malipo. Nikilikumbuka hilo huwa nafikiri jinsi aibu ya mwanamke juu ya kidevu chake ilivyo na bei kubwa duniani, mpaka kupita uhai wa mtu kijijini.

Wakati unasubiri matibabu endelea kunyoa ukitaka. Lowesha kidevu kwa maji ya uvuguvugu dakika tatu, paka sabuni ya povu, fuata uelekeo wa nywele, wembe wako peke yako, usipite mara nne mahali pamoja. Kung’oa kwa kibano nakukataza, nywele zetu za kujikunja zikivunjika chini huota kwa ndani na kuacha vipele vyeusi vya kudumu.

Mchumba mwambie habari ya hedhi, kwa sababu inahusu uzazi na mtaishi wote. Mwambie pia kwamba wengi wenye hali hii hupata watoto, wengine kwa msaada wa dawa kidogo. Ndevu utamwambia siku ukitaka. Mdogo wako ningemwambia kesho, ili uache kuamka gizani.

*Mama Mkunga, mke wangu tangu ajifungue ameacha kunyoa kwapa na kwingineko. Nikimwambia ananuna. Sisi ni Waislamu na dini imeagiza. Nimwambieje? — Mume, Tabora*

Mtoto ana miezi mingapi? Hujaandika, na hilo ndilo la kwanza ambalo ningeliuliza. Mama anayenyonyesha usiku mara nne hana dakika kumi za bafu akiwa peke yake. Mshike mtoto jioni, mwache akae bafuni atakavyo, wala usimwambie kwa nini.

Kuhusu dini, mimi pia ni Mwislamu na nanyoa. Mambo ya fitra yametajwa kwenye hadithi, kunyoa kinena na kuondoa nywele za kwapani zimo, na muda wa mwisho uliotajwa ni siku arobaini. Agizo ni lako kama lilivyo lake, na hakuna mahali alipopewa mmoja kuwa mkaguzi wa mwenzake. Somo aliyenifunda mimi alinifundisha kunyonyoa kwa jivu, nikajaribu mara moja, ngozi ikachubuka, nikahamia kwenye mkasi na sijarudi tena. Ikiwa ni harufu inayokusumbua, jasho lenyewe halinuki, vijidudu vya ngozi vikilila ndipo linanuka, na sabuni mara mbili kwa siku huvipunguza nywele zikiwepo au zisiwepo.

*Shikamoo Mama. Nasoma chuo Dodoma, mwaka wa mwisho. Nina malaika mengi miguuni na mikononi, nimerithi kwa baba. Nyumbani Handeni hakuna aliyewahi kunisema, shangazi zangu walikuwa wanayasifia. Hapa hosteli wenzangu wananiita Sokwe, kwa utani, wanasema siku ya mahafali nikivaa gauni fupi niwe nimefanya waksi. Sijui kama nataka au naogopa. — Mwenye Malaika*

Marahaba mjukuu. Shangazi zako nawafahamu hata bila kuwaona, mimi ni wa Tanga. Enzi za usichana wangu mwenye malaika miguuni alipofunga kanga juu kidogo kwenda kuteka maji, watu walimtazama kwa kumpenda. Mstari wa malaika kutoka kitovuni kwenda chini makungwi waliuhesabu kwenye uzuri wa mwari. Hatukufundishwa kwamba mguu wa mwanamke unatakiwa uwe mtupu.

Wenzako nao wamelipata jambo hili mahali, na linatoka mbali kuliko wanavyodhani. Mwaka 1915 kampuni ya Gillette ya Marekani ilitoa wembe wa kwanza wa wanawake. Nguo zisizo na mikono zilikuwa zimeingia, na matangazo ya magazeti ya huko yakaanza kuwaambia wanawake kwamba kwapa zao ni tatizo. Miguu ilifuata gauni zilipopanda, na wakati wa Vita Kuu ya Pili nailoni ilipochukuliwa kutengeneza miavuli ya kijeshi, soksi ndefu zikaadimika, miguu ikabaki wazi na wembe ukaingia. Wakati tangazo la kwanza linachapishwa, hapa Tanga Waingereza na Wajerumani walikuwa hata mwaka hawajamaliza tangu wapigane mjini, na huyo aliyekuja kuwa bibi yangu alikuwa mtoto wa mgongoni. Hakuna aliyemwuliza kuhusu miguu yake.

Sikuambii haya ili usifanye waksi. Wanawake wa mwambao wamevuta nywele kwa sukari na ndimu, na wametinda nyusi zao, bila Mmarekani yeyote kuwafundisha. Anayependa ngozi laini anapenda, basi. Nakuambia kwa sababu umeandika “sijui kama nataka au naogopa”, na hilo hulijui kwa sababu unaitwa Sokwe kila siku. Waambie waache jina hilo. Usicheke nao tena, kwa sababu ukicheka wanajua unakubali. Likishakoma, subiri wiki mbili, kisha jitazame miguu yako ukiwa peke yako, uone bado unataka nini.

Ukitaka waksi, usifanye mara ya kwanza siku moja kabla ya mahafali. Jaribu kipande cha mguu wiki tatu mapema uone ngozi inasemaje, na mwambie mwenye saluni atumie kijiti kipya kila anapochovya. Ukitaka kuacha, paka mafuta ya nazi, malaika yalale, yang’ae.

Mimi nina mabinti wawili. Mkubwa anavuta kwa sukari kila mwezi tangu aolewe, mdogo ana malaika kama yako na hajawahi kuyagusa. Idi iliyopita walikaa barazani wanamenya vitunguu vya pilau, kanga zimepanda magotini, wanabishana kuhusu bizari. Nilipita na sinia katikati yao nikaambiwa nisikanyage maganda.